Mshono, Mshipi na Gadi: Kiswahili ndani ya Shimo la Ujenzi



1. Utangulizi

Nashukuru kwa heshima niliyopewa ya kutoa mhadhara huu. Katika majukwaa ya namna hii tumezoea kuzungumzia ushairi, lahaja, fasihi simulizi na historia ya usanifishaji wa lugha yetu. Jioni hii nimechagua kuzungumzia shimo. Nina maana ya shimo halisi, lile linalochimbwa katikati ya mji ili jengo la ghorofa nyingi lipate sehemu ya chini ya ardhi, au ili bomba kubwa la majitaka lipite, au ili nguzo ya daraja isimamishwe mahali penye maji.

Shimo la namna hiyo haliwezi kuachwa wazi hivi hivi. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu hadi tani mbili. Mtu aliyefunikwa hadi kifuani hawezi kupumua, hata kama kichwa chake kiko nje. Kwa sababu hiyo mafundi huuzuia udongo kwanza, ndipo wakachimba. Mojawapo ya njia kuu za kuuzuia ni kuzamisha ardhini safu ya mabamba ya chuma yaliyoshikana kingo kwa kingo, kisha kuchimba upande mmoja wa safu hiyo huku upande wa pili ukibaki kama ulivyokuwa.

Mimi si mhandisi, na hesabu za ukuta huo nawaachia wenyewe. Kilichonivuta ni lugha. Katika miji yetu leo si ajabu kukuta michoro ya shimo imeandikwa kwa Kiingereza, kampuni ya ujenzi ina wahandisi wanaozungumza Kichina au Kituruki, na watu walio chini kabisa ya shimo, wenye makoleo mikononi, wanazungumza Kiswahili. Hao wa chini ndio wanaoliona tatizo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Hoja yangu ni moja. Katika kuunda istilahi za ufundi tumeshughulika mno na majina ya vitu, na tumevisahau vitenzi vya hatari. Katika shimo refu jina la kitu husaidia kuagiza vifaa, lakini kitenzi ndicho kinachomtoa mtu akiwa hai. Nitajaribu kuonyesha kwamba vitenzi hivyo tunavyo, kwamba majina mazuri yanaweza kutokana navyo, na kwamba sarufi yetu inatupa hata njia ya kueleza nani anawajibika shimo linapoua.

2. Kitu chenyewe na majina yake

Tuanze na kitu chenyewe. Bamba hili si bapa kama bati la mlango. Limekunjwa kiwandani likiwa la moto, mara nyingi kwa umbo linalofanana na herufi U au Z, kwa sababu chuma kilichokunjwa hakipindi kwa urahisi kama chuma kilichonyooka. Kingo zake mbili ndefu zina mikunjo midogo kama kulabu. Kulabu ya bamba moja huingia katika kulabu ya bamba la pili kuanzia juu na kuteleza hadi chini, na mabamba mawili yakawa kitu kimoja.

Wazo la kuzuia maji na udongo kwa safu ya miti ni la kale. Vitruvius, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza kabla ya Kristo, aeleza jinsi ya kujenga ndani ya maji kwa kuta mbili za mbao zilizojazwa udongo wa mfinyanzi katikati. Wavuvi wa mwambao wetu nao wanajua kuchomeka fito karibu karibu katika tope la pwani ili kutengeneza uzio wa kutegea samaki. Uzio wao huruhusu maji kupita na kumzuia samaki, ilhali ukuta wa mabamba umekusudiwa kuzuia vyote. Umbo la chuma linalotumika hadi leo lina asili yake katika mji wa Bremen, Ujerumani, ambako Tryggve Larssen alilibuni mwaka 1902.

Sasa tutazame majina. Wajerumani huliita pambo hili la ardhini «Spundwand», yaani ukuta wa vipande vilivyounganishwa kwa ulimi na mfuo, kama aunganishavyo seremala mbao za sakafu. Wao walikitazama kiungo. Wafaransa husema «palplanche», neno lenye maana ya ubao ulio nguzo. Wao walilitazama umbo na kazi ya kipande kimoja. Waingereza waliutazama wembamba wake: jina lao lina maneno mawili, la kwanza likiwa na maana ya kitu chembamba kilichotandazwa, na la pili nguzo iliyopigiliwa ardhini.

Hapo ndipo penye mtego kwa mfasiri. Neno la kwanza la Kiingereza laweza pia kuwa shuka au karatasi, na la pili laweza kuwa rundo. Mfasiri asiyelijua shimo, akiwa na kamusi tu mezani, anaweza kutuletea «rundo la karatasi» na asione kasoro yoyote, kwa kuwa kila neno lake lina ushahidi wa kamusi. Mwingine atatohoa na kutupa «shiti paili». Hilo angalau halidanganyi, ila halimfundishi chochote mtu asiyelijua neno la asili.

Jina ninalolipendekeza ni la kawaida kabisa: ukuta wa mabamba, na kipande kimoja ni bamba la ukuta. Neno bamba lina maana ya kipande chembamba cha chuma katika Kiswahili cha siku zote, na hakuna fundi atakayehitaji kufafanuliwa. Jina la kitu kikubwa halikutusumbua sana. Ugumu unaanza tunapofika kwenye kiungo, kwenye tendo na kwenye hatari.

3. Mshono

Kile kiungo cha kulabu kwa kulabu ndicho roho ya ukuta. Kikishika, udongo na maji hukaa nje. Kikiachana, tuna chuma kingi kilichosimama, lakini ukuta hatuna. Tukiite nini?

Napendekeza mshono. Fundi cherehani huunganisha vipande vya nguo vikawa vazi moja, na mahali vilipokutana ni mshono. Ziko sababu mbili zaidi. Ya kwanza ni ya kihistoria. Watu wa visiwa vya Lamu walikuwa na chombo kilichoitwa mtepe, ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi, bila misumari. Kwa hiyo dhana ya kushona vipande vigumu ili kuzuia maji si ngeni katika utamaduni wa lugha hii. Ya pili ni ya kisarufi, nayo ndiyo yenye uzito. Mshono unakuja na kitenzi chake cha hatari. Mshono ulioachia umefumuka. Mtoto wa darasa la kwanza ambaye shati lake limechanika ubavuni anakijua kitenzi hicho.

Kufumuka kwa mshono wa ukuta ni jambo la kweli na la hatari. Bamba linapozamishwa na ncha yake ikakutana na jiwe, kulabu yaweza kutoka katika mwenzake mita nyingi chini ya ardhi, mahali ambapo jicho halifiki. Juu kila kitu kinaonekana sawa. Siku uchimbaji utakapofika kwenye kina hicho, pengo litatokea na udongo utaanza kumiminika. Kibarua anayeliona pengo hilo anahitaji neno moja la kupiga ukelele, nalo ni hili: «Umefumuka!»

Mabaharia wetu pia wametuachia neno la kuziba. Chombo kinachovuja hukalafatiwa: nyuzi za pamba zilizotiwa mafuta hushindiliwa katikati ya mbao. Mishono ya ukuta wa mabamba nayo, panapohitajika, hupakwa kitu cha kuzuia maji kabla ya bamba kuzamishwa. Kukalafati mishono ni usemi ambao fundi wa Kilwa au wa Pemba angeuelewa bila semina.

4. Kupigilia, kutetemesha, kudidimiza

Nifuate sasa hatua za kazi, kwa kuwa kila hatua inadai kitenzi chake.

Kwanza ardhi huchunguzwa: ni mchanga, mfinyanzi, changarawe au mwamba, na maji yako kina gani. Mabomba na nyaya zilizozikwa hutafutwa. Kisha mstari wa ukuta hupimwa, na fremu imara ya kuongozea hujengwa kando yake, mara nyingi katika kimo cha namna mbili ili bamba lisiyumbe. Kreni huliinua bamba la kwanza, nalo husimamishwa na kupimwa wima wake kwa pande mbili. Neno timazi lingali linafaa hapa hata kama kipimo chenyewe siku hizi ni cha miale. Bamba la pili huinuliwa, kulabu yake ikaingizwa katika ya kwanza, likateleza chini.

Mafundi wazoefu hawalizamishi bamba moja hadi mwisho kabla ya kugusa jingine. Husimamisha kundi la mabamba ndani ya fremu na kuyazamisha kwa awamu, kidogo kidogo, mara hili mara lile. Sababu yake ni msuguano. Bamba linalozama linashikwa zaidi upande ule lilikoungana na jirani yake, na kwa hiyo kichwa chake huelekea kuinama kule kazi inakoendelea. Bamba la kwanza likiinama kidogo, la kumi litakuwa limeinama sana. Kundi lililosimamishwa pamoja huzuiana.

Namna za kuzamisha ni tatu, na Kiswahili kina kitenzi kwa kila moja.

Ya kwanza ni kupigilia. Nyundo nzito huanguka juu ya kichwa cha bamba tena na tena. Hufaa katika udongo mgumu, na kelele zake husikika mtaa mzima. Kitenzi hiki kina historia katika ujenzi wetu. Dari za chokaa za nyumba za mawe za mwambao zilipigiliwa kwa vipande vya mti, watu wengi wakipiga kwa pamoja huku wakiimba.

Ya pili ni kutetemesha. Mashine hubana kichwa cha bamba, na vyuma vizito vinavyozunguka ndani yake hulitikisa mara 20 hadi 40 hivi kwa sekunde. Mchanga uliolowa hupoteza ushikamano kwa muda, na bamba hushuka kwa uzito wake na wa mashine. Njia hii ni ya haraka katika mchanga na changarawe, lakini katika mfinyanzi mgumu haifui dafu. Tena ina hatari kwa jirani: mchanga mlegevu uliotikiswa hushikamana upya na kushuka, na nyumba iliyo juu yake hupata nyufa.

Ya tatu ni kudidimiza. Mwaka 1975 kampuni ya Giken ya mji wa Kochi, Japani, ilileta mashine inayokaa juu ya mabamba yaliyokwisha kuzama, ikayashika, na kwa kuyategemea hayo ikalisukuma jipya chini kwa nguvu za mafuta yaliyobanwa. Haipigi wala haitetemeshi, na kwa hiyo hufaa karibu na hospitali au jengo la kale.

Mtaona kwamba vitenzi hivi vitatu si visawe. Kupigilia kuna pigo linalorudiwa, kutetemesha kuna mtikisiko, na kudidimiza kuna msukumo wa taratibu usiokatika. Tukiandika «kuingiza» kwa vyote vitatu, kama zifanyavyo baadhi ya tafsiri, tumempokonya msomaji habari ambayo jirani mwenye nyumba ya udongo angependa sana kuijua.

5. Mshipi, gadi na nanga

Ukuta umesimama. Uchimbaji unaanza, na hapo ndipo mzigo unapoanza. Kabla ya kuchimba, udongo wa pande zote mbili ulikuwa ukisukumana na kulingana. Kila koleo linapotolewa ndani, ukuta unabaki na msukumo wa nje peke yake. Katika shimo fupi, sehemu ya bamba iliyobaki ardhini chini ya sakafu ya shimo hutosha kulishika, kama mzizi unavyoushika mti. Kina kikizidi mita nne au tano hivi, kwa kawaida mzizi hautoshi na ukuta hupewa msaada.

Msaada huo una sehemu mbili. Kuna boriti la chuma linalolala mlalo na kuuzunguka ukuta wote kwa ndani, ili mzigo usikae mahali pamoja. Napendekeza tuliite mshipi, kwa sababu linaufunga ukuta kama mshipi unavyofunga kiuno. Halafu kuna mihimili inayotoka mshipi wa upande huu hadi mshipi wa upande ule, ikizisukuma kuta mbili zisikaribiane. Kwa mhimili huu napendekeza gadi. Katika lugha ya mabaharia gadi ni gogo linaloegemezwa ubavuni mwa chombo kilichopwelewa ili kisilale upande. Kazi ni ileile: kuzuia kitu kikubwa kisiangukie ndani au nje wakati nguvu iliyokuwa ikikishika imeondoka. Iwapo shimo ni pana mno kwa magadi, ukuta huvutwa kwa nje na nyaya za chuma zilizofungwa ndani ya udongo wa nyuma yake, na hizo hakuna atakayebisha tukiziita nanga.

Najua kwamba magadi ni pia ile chumvi ya Ziwa Magadi, na kwamba gadi ni pia mlinzi au mtumishi wa treni. Muktadha utatenganisha. Hakuna mnyapara atakayesema «tieni gadi kabla hamjachimba» na vibarua wakatafuta chumvi.

Sentensi hiyo ya mnyapara, kwa kweli, ni sheria kuu ya shimo. Uchimbaji huenda kwa hatua: huchimbwa hadi chini kidogo ya mahali pa mshipi wa kwanza, mshipi na magadi vikafungwa, ndipo hatua ya pili ikaanza. Kuchimba mbele ya gadi ili kuokoa siku mbili ni kucheza na mzigo ambao hakuna aliyeupangia. Wakati wa kufukia, utaratibu hurudi kinyumenyume: gadi la chini haliondolewi mpaka udongo au zege ya jengo iwe imelichukulia kazi yake. Mabamba yenyewe huweza kung'olewa baadaye kwa mashine ileile ya kutetemesha na kutumiwa kwingine.

6. Vitenzi vya hatari

Nimefika mahali ambapo mhadhara huu ulikuwa ukielekea. Ukuta haufi kwa namna moja, na kila namna ina dalili yake.

Bamba laweza kupinda, yaani kubadilika umbo kati ya mshipi na mshipi. Ukuta mzima waweza kuinama, yaani kwenda upande ukiwa umenyooka. Kupinda ni dalili ya bamba kuzidiwa; kuinama ni dalili ya mzizi au gadi kushindwa. Mshono waweza kufumuka. Gadi laweza kuteguka, yaani kutoka mahali pake kama kifundo cha mguu. Ardhi ya nje yaweza kutitia, nyufa zikatokea barabarani sambamba na ukuta.

Halafu kuna maji. Nje ya ukuta maji yako juu. Ndani yamepigwa pampu yako chini. Maji hutafuta njia kupitia chini ya ncha za mabamba na kupanda juu ndani ya shimo. Mzizi ukiwa mfupi, maji hupanda kwa nguvu na kuzibeba chembe za mchanga. Karl Terzaghi, ambaye kitabu chake cha mwaka 1925 kiliweka msingi wa elimu ya mekanika ya udongo, alilishughulikia sana tatizo hili. Mchanga unaoonekana kucheza katika vijidimbwi vidogo sakafuni mwa shimo umeanza kuchemka, ingawa maji ni baridi. Kiswahili kilikwisha kuliona fanano hilo zamani, maana chemchemi na kuchemka ni ndugu. Na pale sakafu ya mfinyanzi laini inapopanda polepole kwa kusukumwa na uzito wa udongo wa nje, tunacho kitenzi cha mwoka mikate: sakafu imeumuka.

Tofauti moja hapa ina thamani ya maisha ya watu. Maji meupe yanayochuruzika katika mshono ni kero, na pampu itayamudu. Maji yenye mchanga ni jambo jingine, kwa kuwa kila chembe inayoingia ndani imeacha nafasi tupu nje, chini ya barabara au chini ya nyumba ya mtu. Kibarua anayeripoti kwamba «maji yanaingia» amesema kweli ila hajasema kitu. Kibarua anayeripoti kwamba «maji yanatoka na mchanga» amempa mhandisi habari anayopaswa kuiacha chai yake mezani kwa ajili yake. Mafunzo ya dakika kumi kwa Kiswahili yangetosha kumfikisha yule wa kwanza alipo yule wa pili.

Nitoe mfano wa nje unaojulikana vizuri. Tarehe 20 Aprili 2004 huko Singapore, shimo lenye kina cha takriban mita 30 lililochimbwa kwa ajili ya reli ya chini ya ardhi liliporomoka, na sehemu ya barabara kuu ya Nicoll Highway ikazama nalo. Watu wanne walikufa. Ukuta wa pale ulikuwa wa zege, lakini ulishikwa kwa mishipi na magadi ya chuma kama nilivyoeleza. Tume ya uchunguzi, iliyotoa taarifa yake mwaka 2005, iliona kwamba nguvu za udongo laini zilikadiriwa chini ya kiasi na kwamba viungo vya magadi na mishipi vilikuwa dhaifu mno. Iliona pia kwamba dalili zilizotangulia hazikuchukuliwa kwa uzito uliostahili. Asubuhi ya siku ileile wafanyakazi walisikia milio isiyo ya kawaida kutoka kwenye vyuma. Shimo liliporomoka alasiri. Msimamizi mmoja wa kazi, anayekumbukwa kwa kuwahimiza wenzake watoke, hakutoka yeye mwenyewe.

Kati ya mlio wa asubuhi na maporomoko ya alasiri kulikuwa na saa kadhaa. Saa hizo ndizo eneo la kazi la mwanaisimu. Mlio umesikiwa, je, una jina? Jina hilo linajulikana kwa aliyesikia na kwa mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi? Shimo la Singapore lilikuwa na vipimo vya kisasa, na bado dalili hazikugeuka kuwa amri ya kutoka. Pale ambapo vipimo ni vichache, sikio na ulimi wa kibarua ndicho kipimo cha kwanza.

7. Sarufi ya kuporomoka

Baada ya ajali huandikwa taarifa, na mara nyingi sentensi yake ya kwanza ni hii: «Shimo liliporomoka.» Tuichunguze.

Kiswahili kina jozi nyingi za vitenzi vyenye -ka na -sha: anguka na angusha, telemka na telemsha, poromoka na poromosha. Umbo la -ka hulieleza tukio kana kwamba limetokea lenyewe. Halisemi uongo, ila linamficha mtendaji. Umbo la -sha humdai mtendaji: ni nini au ni nani aliyeporomosha? Mvua? Uchimbaji uliolitangulia gadi? Lori la mchanga lililoegeshwa ukingoni? Wanafunzi wa sarufi huzijifunza jozi hizi kama zoezi. Katika taarifa ya ajali zinageuka kuwa suala la haki.

Liko umbo la tatu, ambalo naliona kuwa miongoni mwa hazina za lugha hii. Tunasema mtu amefiwa, amenyeshewa, ameharibikiwa. Kitenzi kisichokuwa na mtendwa hupewa kiambishi cha kutendea, kisha cha kutendwa, na yule aliyepatwa na tukio akasimama mwanzoni mwa sentensi kama kiima chake. Kwa hiyo tunaweza kusema: «Vibarua waliporomokewa na udongo.» Sasa watu wamo katika sentensi, nao ndio wa kwanza.

Poromoka, poromosha, poromokewa: tukio, sababu, na walioumia. Taarifa kamili inahitaji vyote vitatu, na fomu yoyote ya ajali ingeweza kuwa na maswali matatu mafupi yanayofuata mpangilio huo. Kilichoporomoka ni nini? Kilichoporomosha ni nini? Walioporomokewa ni nani? Fomu ya namna hiyo haihitaji fedha za wafadhili.

8. Pingamizi

Nitajibu pingamizi mbili ninazozitarajia.

Ya kwanza ni kwamba viwango na vitabu vya uhandisi viko katika Kiingereza, na kuunda majina mapya ni kuwatenga mafundi wetu na ulimwengu. Jibu langu ni kwamba faharasa ya lugha mbili haimtengi mtu. Mhandisi atabaki na istilahi zake za kimataifa katika hesabu na mikataba. Ninachokidai ni kwamba onyo, maelekezo ya kila asubuhi na taarifa ya hatari viwe katika lugha ya yule ambaye maisha yake yako rehani. Mkataba Na. 167 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1988, unaohusu usalama katika ujenzi, unataka wafanyakazi wafahamishwe hatari zinazowakabili. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria za nchi hiyo. Kumfahamisha mtu kwa lugha asiyoielewa si kumfahamisha.

Ya pili ni kwamba Kiswahili chenyewe si kimoja. Tanzania husema saruji na Kenya husema simiti. Gadi ni neno la mwambao ambalo fundi wa Mwanza au wa Bujumbura huenda hajalisikia. Pingamizi hii ni ya haki. Ndiyo maana sipendekezi kwamba maneno haya yatangazwe kesho. Yapelekwe kwanza kwenye eneo la kazi, yatumiwe, yapimwe. Palipo na neno lililokwisha kushika miongoni mwa mafundi, neno hilo lipewe nafasi ya kwanza, hata kama lina sura ya Kiingereza. Baraza la Kiswahili la Taifa na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki vina wajibu wa kulinganisha, lakini kulinganisha huja baada ya kusikiliza.

9. Hitimisho

Nina mapendekezo matatu kwa wanafunzi na wanataaluma wenzangu. Kwanza, tunapokusanya istilahi za ufundi wowote, tuanze na sentensi zinazosemwa mambo yanapoharibika, halafu ndipo tuorodheshe majina ya vifaa. Pili, kila kamati ya istilahi za ujenzi iwe na mhandisi, mnyapara na kibarua, pamoja na sisi wa lugha. Tatu, istilahi ya hatari ipimwe kwa kipimo kimoja rahisi: je, mtu aliye chini ya shimo la mita kumi, pampu zikinguruma, anaweza kuipigia ukelele ikasikika na kueleweka juu?

Kitenzi cha Kiswahili, kikiwa na viambishi vyake, ni sentensi kamili. Umefumuka. Limeteguka. Unachemka. Lugha nyingi zingehitaji maneno matatu au manne kusema hayo. Sisi tumejaliwa moja, nalo tayari liko kinywani mwa yule anayelihitaji. Kilichobaki ni kuhakikisha kwamba aliye juu, mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi, naye analielewa.